Rinda la Ngoma Halitaki Mpira

Mwezi wa Agosti nilikuwa Bungoma kwa shughuli zangu za vitambaa, nikapita kando ya uwanja mmoja ambako vikundi vya ngoma vilikuwa vikishindana. Nyinyi ndugu zangu wa Pwani mnajua kwamba mwenzenu nimehamia bara miaka mingi, nyumba yangu iko Kitale, na kila juma hushuka kwa njia ya Kiminini na Webuye kwenda kuuza vikoi, leso na marekani. Sikuwa na haja ya kusimama pale. Lakini litungu lilikuwa likipigwa, na mtu aliyezaliwa Mji wa Kale hapiti ngoma bila ya kuisikiliza japo kidogo.

Walikuwa vijana kumi na wawili, wanacheza kamabeka, ile ngoma ya mabega ya Wabukusu. Kila mmoja amevaa rinda la nyuzi ndefu kutoka kiunoni mpaka magotini. Kwa mbali yalipendeza, meupe, yanang'aa juani. Katikati ya mchezo, kijana wa pili kutoka kulia akaruka, na alipotua rinda lake lilikuwa miguuni. Mpira wa kiunoni ulikuwa umekatika. Alivaa kaptura ndani, Alhamdulillahi, lakini uwanja mzima ulicheka. Kijana yule aliokota rinda lake, akalikumbatia kifuani kama mtoto mchanga, akatoka mbio kupita katikati ya watu. Hakurudi kumaliza ngoma, na nilisikia baadaye kwamba aliapa hatacheza tena.

Nami nilicheka. Naliandika hili mapema ili msomaji asidhani kwamba huyu anayeandika ni mtu mwema kuliko wengine. Nilicheka, kisha nikaona haya, kwa sababu mwenye kikundi, kijana mpole wa makamo, alinifuata dukani nilikokuwa nikiuza akaniambia, "Ustadhi, wewe ni mtu wa nguo. Hebu tuambie tumekosea wapi." Mtu akikuuliza hivyo baada ya wewe kumcheka mtoto wake, utamjibu nini?

Nilipowasimulia jamaa zangu kwa simu, mmoja wao kule Kibokoni alisema, "Watu wa bara na marinda yao! Mwanamume avae singa?" Maneno hayo ndiyo yaliyonitia kalamu mkononi. Sisi watu wa Pwani tuna ugonjwa wa kuyaona mavazi ya wenzetu kuwa ni mchezo, na hali wanaume wetu wenyewe, kutoka Lamu mpaka Vanga, hukaa barazani jioni wamevaa nini? Kikoi. Msuli. Kipande cha nguo kilichozungushwa kiunoni, kisicho miguu miwili, kisicho kifungo. Ndugu zetu walioko Omani huvaa wizari chini ya kanzu. Watu wa Yemeni, Wahindi wa Malabari, Waindonesia, wote hao ni wanaume wa nguo ya kuzungusha. Anayemcheka Mbukusu kwa kuvaa rinda na ajitazame kwanza kiunoni.

Tena tuna deni la zamani. Misafara ya wazee wetu ilipofika kwa Mumia katika karne ya kumi na tisa, ilibeba marekani na kaniki, na nguo hizo zikawa ndiyo fedha ya njiani. Joseph Thomson alipopita huko mwaka 1883 aliwakuta wafanyabiashara wa Pwani wamekwisha kupafahamu. Nguo ya pamba ndiyo iliyoanza kuyafanya mavazi ya ngozi yaonekane ya kishamba, na waliokuwa wakiiuza walikuwa sisi. Kwa hiyo mtu wa Pwani anapoulizwa leo, "Rinda letu tulitengeneze kwa nini, na tulifunge vipi?" hana haki ya kujibu kwa kicheko.

Basi nililichukua rinda lile lililokatika nikalikagua. La kwanza, zile nyuzi nyeupe hazikuwa katani wala kitu chochote kilichoota ardhini. Zilikuwa nyuzi za magunia ya plastiki, yale ya mbolea na sukari, yaliyofumuliwa uzi baada ya uzi. Siwalaumu. Gunia ni la bure, na kulifumua ni kazi ya jioni moja. Lakini uzi wa plastiki hauna uzito. Ukicheza hautulii, wapeperuka, wanata miguuni, na kingo zake zikisha kukauka hukwaruza ngozi ya paja. Na penye moto, kama zilivyo sherehe nyingi za usiku, cheche moja yatosha. Pamba ikishika moto huungua, lakini plastiki huyeyuka ikaganda mwilini. Kwa sababu hii peke yake ningewakataza watoto wa shule kuvaa magunia, hata kama majaji wanayapenda kwa weupe wake.

Mwenye kikundi aliniambia, "Basi turudi kwa mambo ya asili. Tuweke katani." Hapo nikamkatiza kidogo. Mkonge si mmea wa asili wa Bungoma, wala wa Afrika. Uliletwa Tanganyika na Wajerumani mwaka 1893 kutoka upande wa Amerika, asili yake ikiwa ni Meksiko, na baadaye ndipo ukaenea Kenya. Maana yake ni kwamba rinda la katani, hili ambalo kila kikundi cha magharibi huliita la mababu, umri wake haujafika mbali zaidi ya reli. Kabla ya hapo watu walisuka nyuzi za mimea yao ya kienyeji na kuvaa ngozi. Nilimwambia hayo akanyamaza, nikaona nimemvunja moyo. Lakini sikukusudia aiache katani. Nilitaka aichague kwa sababu ni nzuri, asiichague kwa kudhani kwamba ni ya zamani. Kikoi chetu nacho kimepokea mengi kutoka ng'ambo, na hakuna anayekiita cha wageni. Hata miaka ya 2006 na 2007 kampuni moja ya Uingereza ilipotaka kulisajili jina la kikoi liwe mali yake, Wakenya walipinga, na jambo hilo halikufaulu. Kitu huwa chako kwa kukitumia na kukitunza.

Na katani ni nzuri kweli kweli. Huku upande wa Kitale na Bungoma mikonge imepandwa mipakani mwa mashamba, mtu hukata majani yake bila ya kulipa kitu. Hukwangua jani likiwa bichi, huosha nyuzi mpaka utomvu wote utoke, huzianika juani zikawa nyeupe, kisha huzichana kama nywele. Anayeruka hatua ya kuosha atajuta, maana utomvu uliobaki ndio unaowasha, na mcheza ngoma akitoka jasho atajikuna mbele ya mgeni wa heshima. Nyuzi zikiwa safi, hukunjwa kati, zikatiwa kitanzi juu ya kamba, zikabanwa moja ubavuni mwa nyingine. Mafundi wasio na subira huacha nafasi ya kidole baina ya fungu na fungu. Rinda hilo likitikisika utaona kaptura yote. Yafaa mafungu yagusane, na juu yake ipitishwe safu ya pili. Linakuwa zito, naam, na uzito huo ndio unaolifanya lianguke vizuri na kurudi mahali pake baada ya kila mruko.

Kuhusu ngozi nitasema kidogo zaidi, maana ndipo tulipobishana. Mzee mmoja wa kikundi alitaka marinda ya ngozi tupu, ya mbuzi au ndama, kama walivyovaa babu zao. Nilimwunga mkono kwa moyo lakini si kwa mfuko. Ngozi iliyotengenezwa vizuri, ikakwanguliwa, ikanyoshwa kwa vigingi, ikapakwa mafuta na kufikichwa mpaka ilainike, ni vazi la kifalme. Anayebisha na aende akatazame kazi za Wapokoti na Waturkana, jinsi wanawake wao wanavyoshona shanga juu ya ngozi ya mbuzi. Kitale pale pale tuna makumbusho, yaliyofunguliwa mwaka 1974 kutokana na hazina aliyoiacha Kanali Stoneham, mlowezi aliyekuwa akikusanya kila kitu kuanzia vipepeo. Watu wa mji huu hupita mlangoni pake kila siku wakienda sokoni, wala hawaingii. Lakini ngozi kumi na mbili za namna hiyo ni gharama, na ngozi zisizokauka sawasawa hunuka mvua ya kwanza tu.

Palikuwa na jambo jingine. Wawili katika vijana wale ni Waislamu, mmoja asili yake ni Mumias. Aliniuliza kando, kwa sauti ya chini, "Ustadhi, ngozi hii naweza kuivaa?" Nikamjibu kama tulivyofundishwa chuoni sisi wa madhehebu ya Shafii: mbuzi aliyechinjwa kisheria, ngozi yake ni tohara, na manyoya yake pia. Mzoga, ngozi yake hutoharika kwa kudibaghiwa, ila ya mbwa na nguruwe. Lakini manyoya ya mzoga dibagha haiyatoharishi. Kwa hiyo na aulize mbuzi alikufa vipi kabla ya kuuliza bei. Alifurahi sana, nami nikafurahi zaidi, kwa kuwa kijana huyo alidhani atalazimika kuchagua baina ya dini yake na ngoma ya ujombani kwake. Na rinda lifike gotini au lipite kidogo, na ndani iwepo kaptura ndefu. Uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na goti. Wenzake wasiokuwa Waislamu waliona ni sawa pia, hasa baada ya yaliyotokea Agosti.

Akaja mtu akitunong'oneza kwamba aweza kutupatia ngozi za mbega, zile nyeusi zenye manyoya marefu meupe. Nilimfukuza. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na biashara ya nyara za wanyama ikafuata mwaka 1978. Sheria ya mwaka 2013 imeongeza ukali. Mzee aliyerithi ngozi ya mbega kwa babu yake ni mbali, na kikundi kinachonunua mpya ni mbali. Kijana wa miaka kumi na saba asipelekwe mahakamani kwa sababu ya rinda. Ngozi ya kondoo mwenye manyoya marefu, ikitiwa ukanda mweusi, yatosha kwa anayetazama kutoka jukwaani.

Sasa nifike kwenye lile lililonileta, nalo ni kifungo. Fundi wa cherehani aliyeshona yale ya kwanza, ambaye sitamtaja na wala si mtu mbaya, alitetea mpira kwa nguvu. Akasema mpira ni mwepesi, unafaa kila kiuno, mnene na mwembamba, na mtoto huvaa mwenyewe bila ya msaada. Yote ni kweli. Lakini mpira una adui watatu: jasho, joto, na kukaa. Rinda la ngoma si suruali ya kila siku. Huvaliwa siku tatu za mashindano, kisha hutiwa sandukuni au huning'inizwa jikoni mwaka mzima. Mwaka wa pili mpira kwa nje waonekana mzima, na kwa ndani umekwisha kufa. Ukivutwa na uzito wa rinda na mruko wa mchezaji, unakatika pale pale ambapo watu wote wanatazama. Aliyevaa hana njia ya kujua mapema. Fundo likilegea mtu hulihisi, akaweka mkono. Mpira haumwambii kitu.

Pini nazo ni balaa jingine. Pini hubeba uzito wote kwenye tundu mbili ndogo, nguo ikachanika, na ikifunguka humchoma mwenyewe. Kuna utepe mpya wa kunata, ule unaofunguka kwa sauti ya kuchana. Siku mbili ni mzuri, kisha nyuzi za katani hujaa ndani ya meno yake ukawa haushiki tena. Zipu sizungumzii.

Fikirini kikoi kinavyoshika. Unashika pembe mbili, unavuta huku unafunika kule, unaacha kunjo mbele ili hatua ipatikane, kisha unaukunja upindo wa juu mara tatu au nne kuelekea nje. Hakuna uzi wala chuma. Kinachoshika ni pamba kusuguana na pamba, na tumbo kusukuma kwa ndani. Ndiyo sababu kikoi cha pamba halisi, chenye taraza nzito, humpeleka mvuvi baharini na kumrudisha, lakini msuli wa nailoni unaong'aa hukuteleza ukiwa unatafuta viatu mlangoni mwa msikiti. Na aliyehiji anajua zaidi. Shuka mbili zisizoshonwa, moja kiunoni na moja mabegani, na mkanda juu yake, na mamia ya maelfu ya wanaume hutufu na kusai katika msongamano ule wakiwa wamesitirika. Mimi mwenyewe siku ya kwanza niliishika yangu kwa mkono nusu ya tawafu, mpaka mzee mmoja wa Kisudani akanivuta pembeni akanikunjia upya bila ya kusema neno.

Hata Waskoti, ambao walowezi wengine wa nyanda hizi za juu walikuwa watu wao, rinda lao la sufu huchukua kiasi cha yadi nane, marinda yote yako nyuma na ubavuni, na mbele ni bapa mbili zinazopandana. Kinacholifunga ni kanda za ngozi na bizimu zake ubavuni. Ile pini kubwa inayoonekana mbele kwenye picha haifungi kitu. Hutiwa kwenye bapa la juu peke yake ili kulipa uzito. Anayeipitisha mpaka bapa la chini ataichana nguo yake. Nao walicheka­wa na kukatazwa: sheria ya Uingereza ya mwaka 1746 iliwapiga marufuku wanaume wao kuyavaa mavazi hayo, ikafutwa mwaka 1782. Leo ndiyo nguo yao ya harusi.

Basi tulilolifanya ni hili. Ndani ya kila rinda tulishona ukanda wa pamba wenye upana wa vidole vinne, ili katani isiguse mwili na ili pamba ishikane na pamba ya kaptura. Mbele, ncha mbili zinapandana shibiri nzima. Kila ncha ina ugwe wa ngozi. Mmoja unapita katika tundu lililozungushiwa uzi upande wa kushoto, unazunguka mgongoni, ukakutana na mwenzake ubavuni, ukafungwa fundo linalofunguka kwa kuvutwa mara moja. Fundo liko ubavuni makusudi, kwa kuwa la mbele humsumbua mpiga ngoma na la nyuma mtu halifikii. Mtoto mnene na mtoto mwembamba wote linawafaa, kwa kuwa linapandana zaidi au kidogo. Ugwe ukichakaa hubadilishwa bila ya kulifumua rinda, na hilo ndilo lililomshinda fundi wa mpira katika ubishi wetu.

Nakiri kuna hasara. Kuvaa kunahitaji mtu wa pili mara ya kwanza, na vikundi vinavyobadilisha mavazi mara tatu katika onyesho moja watanung'unika. Kwa watoto wa chekechea ningewaachia mpira, mradi ubadilishwe kila mwaka, maana mtoto wa miaka mitano haaibiki akivuliwa. Na gharama ilipanda, hilo siwezi kulificha. Pamba nzito ya bei nafuu si rahisi kuipata huku. Malakisi palikuwa na kiwanda cha kuchambua pamba, Kisumu palikuwa na Kicomi, na Rivatex ya Eldoret ilifungwa, ikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 ndipo ikaanza kufufuka. Mkulima wa pamba wa magharibi amehangaishwa mno, na matokeo yake ni kwamba anayetaka ukanda wa pamba wa kiunoni huuziwa nguo iliyochanganywa na plastiki na kuambiwa ni ile ile. Washeni uzi mmoja muone. Ukinuka karatasi na kuacha jivu, ni pamba. Ukijikunja na kuacha kishanga kigumu, rudisheni.

Yule kijana aliyeangukiwa nilimtembelea kwao, si mbali na Kimilili. Mama yake alinikaribisha chai, akasema mwanawe yuko shambani. Nilimngoja saa nzima. Alipokuja nikampa rinda jipya, sikumwambia acheze. Nilimwambia ajaribu kulivua bila ya kulifungua fundo. Alivuta, akaruka, akapanda juu ya kiti akashuka, akamwita mdogo wake aninginie. Halikutoka. Akalivua polepole, akalikunja akaniuliza ugwe ni wa mbuzi au wa ng'ombe. Nikamwambia wa ng'ombe, wa mbuzi hunyoka.

Alilibakisha. Mwenye kikundi anasema hajarudi mazoezini, lakini juzi alituma mdogo wake aje kuomba nyuzi zaidi za katani, mafungu ishirini, na hakusema ni za nini.